Magnesiamu 16,2 na mshale chini: nisome vipi karatasi ya labo?

«Docta, jambo. Niko na miaka 54, ninafundisha shule ya msingi hapa Bagira, Bukavu. Niko na tansio. Kila asubuhi nakunywa hidroklorotiazidi, na omeprazole ya tumbo naikunywa tangu zaidi ya mwaka. Usiku misuli ya miguu inanikaza mpaka naamka, na kope la jicho la kushoto linachezacheza. Mwezi uliopita labo moja ya Kadutu waliniandikia magnesiamu 0,78, bila mshale. Juzi labo ingine, ya Ibanda, wameandika 16,2 na mshale unaotazama chini. Namba imepanda, lakini mshale unasema imeshuka! Jirani ananiambia ninunue magnesiamu ya poda. Dada yangu anasema bora nidungwe ya mshipa, kama alivyodungwa yeye maternite. Nisome vipi karatasi hii?»

Jambo mama mwalimu.

Mshale unasema kweli. Rudi kwenye zile karatasi mbili, utazame herufi ndogo zilizoandikwa kuume kwa namba. Nina hakika ya kwanza imeandikwa mmol/L na ya pili mg/L. Ni vizio viwili tofauti vya kitu kilekile. Ukitaka kutoa mg/L uende mmol/L, gawa kwa 24,3. Basi 16,2 ukiigawa unapata 0,67. Kwa hiyo kati ya karatasi ya Kadutu na ya Ibanda, magnesiamu yako imetoka 0,78 ikaja 0,67. Imeshuka.

Na ukivuka Ruzizi siku moja ukapimwe upande wa Rwanda, usishangae wakikupa 1,6, kwa maana kuna labo zinazoandika kwa mg/dL, na damu ni ileile. Watu wazima wengi wana kati ya 0,7 na 1,0 mmol/L, yaani 17 hadi 24 mg/L, au 1,7 hadi 2,4 mg/dL. Kila labo huchapa mipaka yake pembeni, inaweza kupishana kidogo na hii. Soma ile ya kwenye karatasi yako. Pia kumbuka mkato wetu wa Kifaransa: 0,78 si 78, na nimeshaona karatasi ambayo mkato ulifutika kwenye mkunjo na familia nzima ikakesha.

Sasa, 0,67 ni chini, lakini ni chini kidogo. Hatari tunayoiita kubwa huanza kwa kawaida chini ya 0,5 mmol/L, sawa na 12 mg/L. Huko ndiko mikono hutetemeka, vidole hujikunja vyenyewe, mtu hupata degedege au moyo hupiga ovyo. Wewe hauko huko. Lakini sitakuambia «si kitu», kwa sababu dawa mbili unazozitaja katika swali lako, zote mbili, zinapunguza magnesiamu. Hapo ndipo penye jibu lako, kuliko kwenye poda ya jirani.

Kwanza lakini tuhakikishe namba yenyewe. Kazi yangu ni ya labo, kwa hiyo niache niseme yanayotokea nyuma ya lile dirisha la kutolea damu.

Magnesiamu iko nyingi zaidi ndani ya chembe nyekundu kuliko katika maji ya damu yanayozizunguka, takriban mara tatu. Sisi tunapima hayo maji. Chembe zikipasuka, za ndani zinamwagika nje na namba inapanda kwa uongo. Zinapasuka kwa sababu za kila siku: sindano nyembamba mno, damu iliyovutwa kwa nguvu, tyubu iliyotikiswa kama dawa ya kikohozi, au damu iliyokaa masaa mengi juu ya meza umeme ukiwa umekatika na mashine ya kuizungusha imesimama. Alama yake inaonekana kwa macho. Damu ikishazungushwa, chembe zinalala chini na juu yanabaki maji ya rangi ya majani makavu. Zikiwa zimepasuka, maji yale yanakuwa ya waridi, na zikipasuka sana yanakuwa mekundu kabisa. Mfanyakazi mwangalifu ataandika chini ya karatasi: «hémolysé». Lisake hilo neno kwenye karatasi ya Kadutu. Likiwapo, ile 0,78 iliyokufurahisha inaweza kuwa ilipandishwa na chembe zilizopasuka, na wewe tayari ulikuwa chini tangu mwezi uliopita. Watu hudhani damu iliyoharibika hutoa matokeo mabaya tu. Kwa magnesiamu na potasiamu, mara nyingi hutoa matokeo mazuri ya uongo.

Kosa la upande mwingine ni la tyubu. Ile yenye kifuniko cha zambarau, tunayotumia kuhesabu chembe za damu, ina chumvi ya EDTA ndani. EDTA inazuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu, na inaikamata magnesiamu vilevile. Damu ya tyubu hiyo ikiingia kwenye kipimo cha magnesiamu, hata kwa matone tu yaliyomiminwa kutoka tyubu moja kwenda nyingine, namba inaanguka. Kipimo chenyewe katika labo nyingi ni cha rangi: tunachanganya maji ya damu na rangi ya buluu ambayo ikikutana na magnesiamu inageuka kuelekea wekundu, kisha mashine inasoma imegeuka kiasi gani. Iliyokamatwa na EDTA haigeuzi rangi. Kosa hili nalo linajiumbua kwa wenzake: kalsiamu inaanguka pamoja na magnesiamu, huku potasiamu ikiruka juu kupita akili, kwa kuwa EDTA ya tyubu hizo ni chumvi ya potasiamu. Kama siku ile ya Ibanda walikupimia pia kalsiamu na potasiamu, zitazame. Zikiwa za kawaida, tyubu haina hatia.

Na hizo labo mbili ni mashine mbili, dawa mbili za kupimia. Sehemu ya tofauti kati ya 0,78 na 0,67 inaweza kuwa hiyo tu. Ndiyo maana ninaomba urudie kipimo kwa labo moja utakayoishika toka sasa. Si lazima ukae njaa. Ila usimeze magnesiamu yoyote asubuhi hiyo kabla ya damu kutolewa, na mwambie anayekutoa damu asiache garo, ile kamba ya kukaza mkono, imefungwa muda mrefu, wala usifungue na kufunga ngumi kama wengi wanavyoagizwa.

Tuseme imerudiwa na imebaki 0,67. Inamaanisha nini? Hapa kuna jambo ambalo karatasi haikuambii. Mwili wa mtu mzima una magnesiamu kama gramu 25. Zaidi ya nusu iko mifupani, karibu yote iliyobaki iko ndani ya misuli na viungo vingine. Katika maji ya damu haifiki hata moja kwa mia ya yote. Na hiyo kidogo mwili unailinda sana: ikianza kupungua, figo zinaizuia isitoke na mkojo, na mfupa unatoa yake taratibu. Mtu anaweza basi kuwa amepungukiwa ndani huku damu bado inasoma 0,75 au 0,80, na kuna wataalamu wanaotaka mpaka wa chini upandishwe hadi 0,85 kwa sababu hiyo. Mimi siendi nao mpaka huko, maana tutawaita wagonjwa watu wengi wasio na shida. Lakini ninakubali nusu ya hoja yao: namba iliyo chini ni ya kuamini kuliko namba iliyo ya kawaida. Iliyo chini, ikiwa damu ilitolewa vizuri, ina maana akiba imeshaguswa au kuna mlango unaovuja sasa hivi.

Waganga wa watoto wanalijua hili bila kusomewa. Hapa kwetu Kivu kwashiorkor ina historia ndefu, na watafiti wa kituo cha Lwiro, upande wa Kabare, wameichunguza kwa vizazi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi magnesiamu kwa sababu labo imesema. Anapewa pamoja na potasiamu tangu siku ya kwanza, iko tayari ndani ya F-75, maziwa ya tiba ya utapiamlo. Inajulikana kwamba mwili wake umepungukiwa hata damu ikisema vingine.

Sehemu ya magnesiamu ya damu, kama robo hadi theluthi, husafiri imeshikamana na protini, hasa albumini. Kwa hiyo mtu aliye na albumini ndogo, au mama mjamzito ambaye damu yake imeongezeka maji, atasoma chini kidogo bila upungufu wa kweli. Kwako wewe sidhani, ila albumini ni kipimo cha bei ndogo.

Sasa dawa zako. Hidroklorotiazidi inatoa maji na chumvi kwa mkojo ili tansio ishuke, na katika safari hiyo magnesiamu na potasiamu zinatoka pia. Omeprazole haiitoi magnesiamu kwa figo. Yenyewe inapunguza uwezo wa utumbo kuinyonya magnesiamu ya chakula. Moja inapunguza kinachoingia, nyingine inaongeza kinachotoka. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya omeprazole na ndugu zake wote kuhusu jambo hili: kwa wengi lilionekana baada ya zaidi ya mwaka wa kunywa, kwa wachache baada ya miezi mitatu, na onyo hilo likawataja waziwazi wanaokunywa pamoja na dawa za kukojoza. Kisa chako kiko humo.

Kuna jambo moja katika onyo hilo ambalo watu wa farmasi hawalisemi. Kwa karibu robo ya wagonjwa walioripotiwa, vidonge vya magnesiamu peke yake havikutosha. Ilibidi omeprazole iachwe ndipo namba ikarudi. Kwa wengi ilirudi kama wiki moja baada ya kuacha. Ukinunua poda leo huku unaendelea na omeprazole, unaweza kumaliza franga zako na mwezi ujao usome 0,67 ileile.

Je, uiache kesho? Hapana, usiiache peke yako kabla ya kujua ulipewa kwa nini. Kama uliwahi kutapika damu, au una kidonda cha tumbo, au unakunywa aspirini au diklofenaki kila siku, omeprazole inakulinda na lazima docta apime uzito wa pande zote mbili. Lakini kama ilikuwa kiungulia cha siku zile, ukaendelea kuinunua kwa sababu inauzwa kila kona bila karatasi ya docta, basi inawezekana hukuihitaji tena tangu zamani. Kuna dawa nyingine za asidi, kama famotidine, ambazo hazijulikani kwa kosa hili. Ukiiacha, jiandae: wiki za kwanza tumbo huwaka zaidi kuliko mwanzo, asidi ikirudi kwa nguvu, kisha hutulia. Wengi hudhani ugonjwa umerudi wakakimbilia tena kidonge.

Dawa ya tansio usiiguse kamwe bila docta. Hiyo ni rahisi kubadilishwa, lakini si ya kusimamisha kwa ushauri wa jirani, wala kwa wangu wa maandishi.

Kama wewe na docta wako hamjui ni mlango upi unaovuja zaidi, kipimo kinachosaidia ni cha mkojo. Magnesiamu ikiwa chini katika damu, figo zenye afya zinapaswa kuibana isitoke. Mkojo wa masaa 24 ukiwa na zaidi ya miligramu 24 za magnesiamu wakati damu iko chini, figo zinamwaga, na mshukiwa ni dawa ya kukojoza. Ukiwa na kidogo sana, figo zinafanya kazi yake na shida iko tumboni: omeprazole, kuhara kwa muda mrefu, au chakula. Kipimo hiki ni cha bei ndogo na wanakiomba mara chache mno. Badala yake wanaomba magnesiamu ya ndani ya chembe nyekundu, ambayo vitabu vya Kifaransa vinaipenda. Mimi nisingekulipisha hiyo. Ni ghali, inataka damu ishughulikiwe haraka, na haitabadilisha tutakachofanya.

Vipimo ninavyovitaka zaidi kwako, na kabla ya kidonge chochote, ni potasiamu, kalsiamu, kreatinini na sukari. Potasiamu kwa sababu misuli inayokaza usiku kwa mtu wa hidroklorotiazidi inaweza kuwa ni yake. Na hawa wawili wanaenda pamoja: ndani ya chembe za figo, magnesiamu huziba njia ambayo potasiamu hutorokea mkojoni. Magnesiamu ikipungua njia inabaki wazi, na mgonjwa anaweza kupewa potasiamu wiki nzima isipande mpaka magnesiamu itengenezwe kwanza. Kalsiamu nayo inashuka magnesiamu ikiwa chini sana, kwa sababu tezi zinazoipandisha zinalala. Sukari, kwa kuwa ikiwa juu hukojoza magnesiamu. Kreatinini, inayoonyesha kazi ya figo, ndiyo ya usalama: figo zikiwa zimechoka, na tansio ya miaka huzichosha, magnesiamu unayomeza haitoki, inajikusanya.

Hapo ndipo namjibu dada yako. Alichodungwa maternite ni salfati ya magnesiamu, kuzuia degedege la ujauzito. Ni dawa ya kuheshimiwa: utafiti mkubwa ulioitwa Magpie, uliotolewa mwaka 2002, ulihusisha akina mama kama 10.000 na ulionyesha inapunguza hatari ya degedege hilo kwa zaidi ya nusu. Lakini pale damu inapandishwa makusudi hadi kati ya 2 na 3,5 mmol/L, mara mbili hadi nne ya kawaida, na muuguzi anakaa karibu. Anagonga goti na nyundo kuona kama mguu bado unaruka, anahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, anapima mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na glukonati ya kalsiamu iko tayari kwenye sinia. Goti likiacha kuruka, dozi inasimamishwa, maana baada ya hapo zinafuata pumzi na kisha moyo. Hiyo si sindano ya mtu mwenye 0,67 anayetembea kwenda shule. Ya mshipa tunaiacha kwa walio chini ya 0,5 wenye dalili kali, au wenye degedege, au moyo uliokwisha kuvurugika.

Na poda ya jirani, muulize ni poda gani. Nyingi ya zile nyeupe za bei nafuu ni hiyohiyo salfati, inayouzwa kusafisha tumbo. Ukiinywa utahara, na kuhara kunatoa magnesiamu. Vidonge vya sitrati hunyonywa vizuri kuliko vya oksidi. Vyote vinywe pamoja na chakula, vigawanywe mara mbili au tatu kwa siku. Waamerika wanaweka ukomo wa miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye vidonge kwa mtu anayejinunulia mwenyewe, na Ulaya miligramu 250. Zaidi ya hapo ni kwa amri ya docta. Ukiwa unakunywa siprofloksasini au doksisaiklini kwa ugonjwa mwingine, usizimeze pamoja: magnesiamu inaishika antibiotiki tumboni na zote mbili zinapita bure. Meza antibiotiki kwanza, kisha acha masaa.

Chakula chetu hakina lawama sana. Mwanamke wa umri wako anahitaji kama miligramu 320 kwa siku. Bugali wa muhogo haukupi nyingi, lakini kilicho pembeni yake kinakupa: maharagi, lengalenga, sombe, karanga, mtama usiokobolewa. Ukonzi mmoja wa mbegu za maboga zilizokaangwa una miligramu kama 150, karibu nusu ya siku, na watoto wa darasa lako huzitema maganda bila kujua. Usiyamwage maji ya kuchemshia lengalenga, kwa sababu sehemu ya magnesiamu inabaki humo. (Maji ya kwanza ya sombe ni habari nyingine, hayo myamwage.)

Kwa wiki hii, basi: rudia kipimo pamoja na hivyo vinne nilivyotaja, upeleke karatasi zote na maboksi ya dawa kwa docta wako, na swali la kwanza liwe la omeprazole. Ukihisi moyo unaruka mapigo, ukizimia, au vidole vikijikunja visifunguke, usingoje labo. Nenda dharura usiku huohuo, wakupime moyo kwa mashine.

Misuli ya usiku, hata magnesiamu ikirudi, inaweza kubaki. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona kwamba vidonge vya magnesiamu vinasaidia watu wazima wenye umri mkubwa wanaokazwa misuli bila sababu nyingine. Kwako sababu ipo, kwa hiyo nina tumaini zaidi, ila kunyoosha ndama za miguu kabla ya kulala ni bure na unaweza kuanza leo. Kope la jicho mara nyingi ni usingizi mchache na kahawa nyingi. Kama lingekuwa kope peke yake, nisingekutuma labo.